Wali wa Shangazi Joviana

Naanza na wali, kwa sababu kila ninaposimulia habari hii kuna mtu ananikatiza katikati na kuniuliza, "Lakini nani alitia sumu?" Hakuna mtu aliyetia sumu. Ulikuwa wali. Ukishalijua hilo utanisikiliza kwa utulivu na hutanisumbua.

Mwaka ule bei ya kahawa ilikuwa imepanda, na Kimuli nzima watu walikuwa wanaezeka mabati, hata wale ambao ndani hawakuwa na sahani. Baba yangu, Byarugaba, aliezeka upande mmoja wa nyumba kwa bati na upande wa pili akaacha nyasi. Alisema bati ni la wageni, nyasi ni zetu. Ndivyo alivyokuwa baba, alipenda kuonekana na alichukia gharama.

Mimi ni Kokushubira, binti yake wa mwisho, na nilikuwa na mchumba. Aliitwa Gosbert, mtu wa Muleba aliyekuwa anapima kahawa kwa mnunuzi mmoja pale Nkwenda. Nilimpenda tangu siku alipokuta mawe kwenye gunia letu, akayatoa moja moja na kuyapanga pembeni, wala hakuniita mwizi. Mawe aliyatia baba, lakini hayo ni mengine. Baba hakumtaka. Alisema watu wa Muleba wana maneno mengi na wanakula haraka. Yeye alikuwa na mtu wake tayari, Melkiory wa Kiruruma, mgane mwenye shamba la migomba lisilo na mwisho na kikohozi kisicho na mwisho. Mama na bibi ndio waliomshikilia baba mpaka akakubali kuipokea posa ya Gosbert, lakini aliipokea shingo upande.

"Nitawasikiliza," aliniambia. "Posa ikiharibika, unaolewa Kiruruma. Na sitaki kelele."

Siku ikapangwa, Jumamosi. Ijumaa asubuhi akaja Shangazi Joviana, dada yake baba.

Shangazi alikuwa amewahi kukaa Bukoba mjini, mumewe alipokuwa anafanya kazi bandarini, na ingawa walirudi Kimuli zamani, mji haukumtoka. Kila kitu chetu alikilinganisha na cha Bukoba, na chetu kilishindwa. Safari hii alikuja na foronya kichwani, imefungwa fundo. Tukadhani ametuletea mto wa kulalia wageni. Akaiweka chini, akafungua fundo polepole ili tuone vizuri. Ulikuwa mchele.

"Hao wageni wanatoka ziwani," akasema. "Mtawapa ndizi? Ndizi wanazo kwao. Watarudi Muleba waseme, kwa Byarugaba tulikula kilekile tulichokiacha nyumbani."

Mama yangu, Dafroza, ambaye alikuwa mpole kupita kiasi, akasema yeye mchele hajui kuupika.

"Nani amekuambia utapika wewe, wifi?" shangazi akajibu.

Bibi Kemirembe, mama yake baba, akasogea kwa fimbo yake. Akachota punje chache kiganjani, akazitazama kwa muda mrefu. Macho yake yalikuwa mazuri kuliko yetu sote.

"Haya ni mayai ya siafu," akasema, akayarudisha kwenye foronya.

"Mama, ni mchele. Wazungu wanakula."

"Basi wapelekee Wazungu."

Sasa nisikilize hapa, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika. Kwetu, chakula cha karamu hakipikwi siku ya karamu. Ndizi zinamenywa jana yake, zinafungwa kwenye majani ya mgomba, zinawekwa juu ya moto mdogo na kulala hapo zikijipika mpaka asubuhi. Ukizifunua zinatoa mvuke na harufu ambayo mtu aliyeshiba akiinusa anaanza kuona njaa upya. Shangazi aliupika wali wake Ijumaa mchana. Uliiva vizuri, kwa hilo sina la kumlaumu. Kisha akaufanyia kile ambacho mwanamke yeyote wa kwetu angekifanyia chakula cha heshima. Aliufunga kwenye majani ya mgomba, tabaka juu ya tabaka, akaufunika kwa gunia, akauweka. Ila moto wenyewe ulikuwa umeshachukuliwa na ndizi za mama na chungu cha mbuzi, kwa hiyo wali ukawekwa pembeni. Haukuwa wa moto wala haukupoa. Ulikuwa na joto la kitanda ambacho mtu ametoka kukiacha, na ukalala hivyo mpaka Jumamosi.

Binti yangu amesomea uuguzi, na kila nikifika hapo anashika kichwa. Anasema kuna vidudu ambavyo jicho halivioni, na mbegu zake ni ngumu, hazifi hata wali ukichemka. Wali ukiachwa vuguvugu kwa muda mrefu mbegu zinaamka, vidudu vinazaana, na katika kuzaana kwao vinaacha sumu. Shangazi aliupasha wali Jumamosi asubuhi mpaka ukatoa mvuke, na vidudu bila shaka vilikufa vyote, lakini sumu ilikuwa imeshaachwa, na sumu hiyo moto hauiwezi. Ungeliwa Ijumaa ileile, anasema binti yangu, tusingekuwa na la kusimulia.

Sisi hatukuyajua hayo. Sisi sumu tuliyoijua ni ya aina moja tu, ile inayotiwa na mtu.

Wageni wakafika. Mbele alikuwa Placidius, mjomba wake Gosbert, mshenga, mtu mnene mwenye suti na kofia nyeupe ngumu ya jua ambayo hakuivua mpaka baba alipoisifia. Nyuma yake wazee wengine wa Muleba, na vijana waliobeba vibuyu vya rubisi, pombe ya ndizi. Gosbert alikuja mwisho, shati jeupe, macho chini kama inavyotakiwa. Mimi nilikuwa nimefungiwa chumba cha ndani, nyuma ya ukuta wa matete. Binti anayeposwa haonekani siku hiyo na wala hasikiki, hata akikanyagwa na ng'ombe. Lakini matete yana matundu, na tundu langu nilikuwa nimelitayarisha tangu Jumatano.

Na kijana anayeposa naye ana yake. Hali wala hanywi kwa wakwe mpaka neno likubaliwe. Anapewa kahawa ya kutafuna, punje mbili tatu, basi. Na mama mkwe hamtazami usoni, wala yeye hamtazami mama mkwe. Mama yangu alikaa kona ya mbali ameelekea ukutani, kanga kichwani mpaka kidevuni, utasema mzigo uliosahauliwa na wapagazi.

Placidius akaonja rubisi mbele ya watu wote, kama ilivyo desturi ya aliyeleta pombe, ikazunguka. Kila mtu alikunywa, wanaume kwa wanawake, isipokuwa Gosbert na Bibi Kemirembe. Bibi alikuwa amekatazwa na baba. Kwenye posa ya dada yangu alikunywa, akatunga wimbo kuhusu pua ya mshenga, na wimbo ule watoto wa Kimuli walikuwa bado wanauimba. Basi akakaa siku nzima anavitazama vile vibuyu kwa huzuni ambayo sijawahi kuiona hata msibani.

Chakula kikaja. Ndizi zilikuwepo, mbuzi alikuwepo, lakini wali ulitangulia, kwenye ungo, mweupe, na Shangazi Joviana nyuma yake akitembea kama aliyeuzaa. Wote wakaula. Wazee wa Muleba wakaongeza. Baba, ambaye hakuwahi kuula maishani, aliula kwa namna ya kuonyesha kwamba anaula kila Jumapili. Bibi alikula ndizi na mbuzi, akasogeza mayai ya siafu pembeni. Mimi huku nyuma niliingiziwa ndizi tu. Fungu moja la wali shangazi alilificha kwa ajili yake mwenyewe, limefungwa vizuri kwenye majani yake.

Baada ya kula Placidius akasimama kumsifu Gosbert. Alianza na babu wa babu yake, na alikuwa amefika kwa babu tu aliponyamaza, akatazama dari.

"Waitu, mheshimiwa Byarugaba," akasema, "nimesikia sifa za migomba yako. Naomba niende kuiangalia kidogo."

Akatoka akitembea haraka kwa mtu wa unene wake. Baba akafurahi, kwa sababu hakuna aliyewahi kuisifu migomba yake. Kisha mzee mwingine wa Muleba akaomba naye akaiangalie. Kisha wa tatu, ambaye hakuomba. Shangazi akasema anawafuata awaonyeshe njia. Baba akabaki anawahutubia waliobaki juu ya heshima ya ukoo wake, akafika mahali anaposema "sisi si watu wa kutoa binti ovyo", akafunga mdomo, akaufungua, akaufunga tena, naye akaenda kuiangalia migomba yake mwenyewe.

Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Huko shambani wakakutana. Kila mgomba ulikuwa na mtu wake, ameukumbatia, na kila mmoja akimwona mwenzake anajifanya anapima ukubwa wa mkungu. Placidius hakuwahi kuufikia mgomba. Kofia yake nyeupe ndiyo iliyomwokoa, na baada ya hapo hakuivaa tena.

Sitaeleza zaidi. Walitapika mpaka jua likazama, wakalala mahali walipoangukia, wageni upande wa bati na wenyeji upande wa nyasi, na hakuna aliyekufa. Asubuhi ya Jumapili kanisani hakwenda mtu. Wote walikuwa wamejikokota wakalala kwenye mikeka sebuleni, wana rangi ya majivu, wanaviziana.

Baba ndiye aliyeanza, amelala chali. "Mgonjwa kila mtu. Mzima ni nani? Gosbert. Kwa nini Gosbert ni mzima? Kwa sababu hakunywa pombe waliyoileta wenyewe."

"Pombe niliionja mbele yenu," alisema Placidius kutoka mkeka wa pili.

"Na ukatapika mbele yetu."

"Gosbert hakunywa kwa kuwaheshimu, mzee mwenzangu. Lakini ngoja nami niulize. Mzima mwingine ni nani? Mama yako. Kwa nini ni mzima? Kwa sababu hakugusa wali mlioupika wenyewe. Aliusogeza pembeni, nilimwona kwa macho yangu. Alijua kitu."

"Nilijua ni mayai ya siafu," alisema bibi.

Shangazi Joviana akainuka kwa kiwiko. Alisema wali wake aliupika kwa mikono yake, akaupasha asubuhi mpaka ukachemka, na kitu kilichochemka hakina sumu, hata Bukoba wanalijua hilo. Akarudi kulala. Wakaanza kutupiana maneno wote kwa pamoja, polepole, kwa sababu hakuna aliyekuwa na nguvu za kugombana. Mimi nyuma ya matete nilikuwa nimeuma kanga. Nilimsikia baba akisema habari za Kiruruma. Alitaja migomba ya Melkiory. Nikajiona nimekaa jikoni kwa yule mzee nikisikiliza kikohozi chake mpaka uzee wangu, na machozi yakaanza kunitoka.

Hapo Gosbert akaongea. Tangu jana alikuwa hajasema neno.

"Wazee, shikamooni. Pombe ya kwetu imebaki kibuyu kizima. Je, wali umebaki?"

Bibi Kemirembe akanyoosha fimbo kuelekea jikoni. "Joviana ameficha fungu lake nyuma ya kinu."

Shangazi alijifanya amelala.

"Basi," Gosbert akasema, "mimi sijagusa chakula chenu na bibi hajagusa pombe yetu. Mimi nile wali, bibi anywe pombe. Atakayeugua ndiye atakayetuonyesha sumu iko wapi."

Nilitaka kupenya matete nimkumbatie. Bibi alikuwa ameshakaa vizuri, miguu ameinyoosha, mikono tayari.

"Mimi mzee," akasema. "Nikifa kwa ajili ya mjukuu wangu si neno. Kileteni."

Baba alipinga kidogo, akikumbuka wimbo wa pua, lakini hakuwa na nguvu za kumzuia mama yake. Ikapatanwa hivi: bibi akiugua, pombe ndiyo yenye kosa, na watu wa Muleba wataondoka wasirudi. Gosbert akiugua, wali ndio, na baba atatoa binti bila neno jingine.

"Na wasipougua wote wawili?" Placidius akauliza.

"Basi kuna mkono wa mtu," alisema baba. "Mimi binti simtoi penye mkono wa mtu. Ataenda Kiruruma."

Shangazi akalazimika kuamka kuupasha wali wake. Aliupasha kwa hasira, moto mkubwa, kuni za siku tatu, ukachemka mpaka ukawa uji. Aliuweka mbele ya Gosbert na kusema, "Kula, mwanangu, uwaaibishe." Wakakaa kwenye mikeka miwili, yeye na bibi, wakitazamana, na ukoo mzima umelala kuwazunguka. Masharti yalikuwa kwamba hakuna kuondoka kwenye mkeka.

Gosbert akala. Alikula wote, akapangusa jani. Bibi akanywa. Alikunywa kwa bidii ambayo ilimtia wasiwasi hata Placidius, aliyekuwa anatamani pombe yake isiwe na hatia lakini hakutaka iishe.

Tukasubiri. Jua likapanda juu ya mibuni. Watu wakageuka kwa kiwiko kuwatazama usoni, mmoja anasema bibi amebadilika rangi, mwingine anasema ni rangi yake. Bibi akaanza kuimba. Aliimba kuhusu marehemu babu, akaimba kuhusu siafu, na alipomtazama Placidius kwa makini tukaona wimbo mpya unakuja, lakini ghafla akanyamaza. Kichwa kikaanguka kifuani.

"Mama," baba akasema.

Akatambaa juu ya mikeka, juu ya wazee wa Muleba, akamshika mama yake mabega, akaanza kulia kwa sauti kama mtoto, akisema wamemuua, watu wa ziwani wamemuulia mama yake. Shangazi naye akaanza kulia. Placidius alianza kutafuta viatu vyake. Mimi nilikuwa nimekwisha.

Bibi akafungua jicho moja. "Kibuyu kimeisha?" akauliza.

Hakikuwa kimeisha. Akapewa, akaendelea. Alikuwa mzima kuliko siku nyingi zilizopita, hata baba aliona aibu ya machozi yake. Pombe ikawa haina kosa.

Macho yote yakahamia kwa Gosbert. Naye Gosbert alikuwa amekaa wima, mikono magotini, anatabasamu.

"Kijana mzima," alisema shangazi. "Nilisema. Wali ulichemka."

Lakini mimi nilikuwa na tundu langu, na kutoka pale nilimwona kwa ubavuni. Shati jeupe lilikuwa limelowa mgongoni. Koo lilikuwa linapanda na kushuka, linapanda na kushuka, kama chura. Kila koo lilipopanda, alimeza. Mtu yule alikuwa mgonjwa wa kufa, na alikuwa anajizuia.

Nilimwelewa palepale, na nikapandwa na hasira ambazo hata leo zinanirudia. Gosbert alilelewa vizuri mno. Tangu utotoni alifundishwa kwamba kwa wakwe mtu hapigi chafya, hacheui, hajikuni. Na mkwe anayetapika chakula cha wakwe ametapika nyumba yao na binti yao pamoja. Na mama mkwe mwenyewe alikuwa palepale kona, kanga kichwani, anasikia kila kitu. Basi mjinga yule alikuwa anakaribia kunipoteza kwa adabu. Angesubiri uamuzi utoke, aage vizuri, aende akatapike njiani, na mimi ningekuwa nimeshapelekwa Kiruruma.

Baba akajikohoza. "Haya. Mama yangu mzima. Kijana naye mzima, tumemwona. Kwa hiyo wazee, kama tulivyopatana, kuna mkono wa..."

"Gosbert," nikasema. "Tapika."

Nilisema kwa sauti ya kawaida, lakini nyumba nzima ilitulia hata kuku nje nikawasikia. Binti anayeposwa hasikiki.

"Nani huyo?" aliuliza baba, ingawa binti alikuwa na mmoja tu mle ndani.

"Ni mimi, baba. Gosbert, kama unanitaka, tapika. Usinione haya. Tapika sasa hivi."

Gosbert akageuka kuutazama ukuta wa matete. Hakuniona, lakini aliutazama kama ananiona, na macho yake yakajaa maji. Nadhani hakuna mwanamume aliyewahi kupendwa waziwazi hivyo mbele ya wazee wa pande zote mbili. Kisha akafungua mdomo kuniitikia, na jibu likaja lenyewe.

Placidius aliisukuma kofia yake kwa mguu, ikafika kwa wakati. Ilikuwa imeshazoea. Gosbert alitapika kwa moyo wake wote, akatulia, akaomba radhi kwa wazee mmoja mmoja kwa majina, akatapika tena. Alijaribu kujifunika uso kwa mikono kwa aibu, na hakuna aliyejua la kufanya, kwa sababu wanaume wote walikuwa hoi na mimi nilikuwa nimefungiwa.

Ndipo mama yangu, mgonjwa kama wengine, akasimama kutoka kona yake. Dafroza mpole, ambaye sikuwahi kumwona akivunja desturi hata moja. Akaiteremsha kanga kutoka kichwani, akachukua kibuyu cha maji, akavuka sebule uso wazi, akapiga magoti mbele ya mkwe wake. Akamshika paji la uso kwa kiganja, kama alivyotushika sisi tulipokuwa wadogo.

"Toa yote, mwanangu," akasema. "Toa yote."

Wazee wakageuza nyuso ukutani. Shangazi akasema kwamba hata Bukoba hajawahi kuona kitu kama hicho, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya kujisifu. Mimi nyuma ya matete nililia kwa furaha, sikujali nani ananisikia, maana nilikuwa nimeshasikika.

Baba alimtazama mama, akamtazama kijana, akautazama ukuta wangu.

"Nilisema sitaki kelele," akasema. Akajilaza chali tena. "Mpeni maji. Mpeni na huyo mchumba wake aondoke naye. Joviana, wali mwingine usiingie humu nikiwa hai."

"Na kibuyu kikamilishwe kupimwa," alisema bibi, "tusije tukakosea."

Harusi ilifanyika baada ya mavuno. Tulikula ndizi. Shangazi Joviana alikuja tena na foronya kichwani, na bibi akamsimamisha mlangoni, akaibonyeza pande zote kwa fimbo kabla ya kumruhusu kupita. Ulikuwa mto, wa pamba kweli, na ninao mpaka leo. Mchele uliobaki siku ya posa alikuwa ameurudisha kwake, na sijui aliufanyia nini.

Wazee wa Kimuli walinung'unika miaka mingi kwamba mama na Gosbert hawaogopani. Walikuwa wanasalimiana uso kwa uso, wanakaa benchi moja wakimenya ndizi, mtu na mkwe wake, aibu tupu. Mama aliulizwa na mapadri, akaulizwa na wifi zake. Alijibu kwamba mtu uliyemshika kichwa akitapika, huna uso wa kumficha tena.

Mama alipougua ugonjwa wake wa mwisho, chakula kikawa hakikai tumboni, wanangu walikuwa mbali na mimi mikono yangu ilikuwa imeanza kutetemeka. Gosbert ndiye aliyekuwa anakaa naye. Alikuwa anamwekea kiganja kwenye paji la uso na kumwambia maneno yaleyale aliyoambiwa naye siku ya wali.